Kanda za Bibi kwenye kompyuta kuukuu ya Ami

Kompyuta ya Ami ilifika Lamu mwaka 2004, ikiwa tayari imetumika miaka ofisini kwa watu. Ilivuka kutoka Mokowe kwenye boti, imezungushiwa blanketi, na kutoka gatini ikapanda punda mpaka nyumbani Langoni. Ni kompyuta ya mezani ya Pentium 4, kumbukumbu yake megabaiti 512, diski yake gigabaiti 40, na ndani mna Windows XP, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014. Hewa ya chumvi imeshakula skrubu zote za nyuma. Kila mgeni akiiona husema itupwe, na Ami humuuliza swali moja tu: "Kwani haiandiki?" Inaandika. Basi mazungumzo huishia hapo.

Mbele ya kompyuta hiyo ndipo tulipoanza, mwaka 2018, kuhamisha kanda za Bibi. Zilikuwa kanda 31 za dakika 60 kila moja, zimo ndani ya kasha pamoja na hati za nyumba na vyeti vya wazee. Nyingi ni Bibi akisoma tendi, nyingine akihadithia, na nyingine ni vugo la arusi za mabinamu zetu. Zote zilirekodiwa na redio kaseti moja iliyowekwa juu ya mkeka katikati ya watu. Kanda mbili zilikwisha kuota ukungu. Hatukuwa na muda wa kungoja mashine bora.

Kazi yenyewe haikuwa na ufundi mkubwa. Waya mmoja ulitoka kwenye redio ukaingia tundu la sauti nyuma ya sanduku, ukibonyeza huku unabonyeza na kule, kisha unakaa. Kanda ya saa nzima huchukua saa nzima, haina njia ya mkato. Tulichokosa kukifikiria ni ukubwa. Kompyuta ikirekodi kwa kipimo cha CD hupima sauti mara 44,100 kila sekunde, kila kipimo huchukua baiti 2, na kwa kuwa tuliiachia irekodi masikio mawili, la kushoto na la kulia, hesabu hujirudia mara mbili. Hizo ni baiti 176,400 kwa sekunde, yaani karibu megabaiti 10 kwa dakika, na karibu 600 kwa kanda moja. Mara 31, zapita gigabaiti 18. Diski yetu ilikuwa na Windows, picha za Ami, na faili zake za miaka yote. Kabla hatujafika nusu ya kanda, kompyuta ikaandika kwamba nafasi imekwisha.

Nikasema tutazibana. Nilikuwa nikijua zip, faili inayofungasha nyingine ndani yake na kuzipunguza, tangu enzi za saiba, zile za kabla ya nyaya za baharini kufika Mombasa mwaka 2009, faili moja ilipoweza kukukalisha mchana kutwa. Nikabonyeza folda ya kanda za kwanza, nikaiambia XP ifanye zip, nikaenda jikoni. Niliporudi, na nilikaa sana, faili ilikuwa imepungua kidogo mno, kama mtu aliyekaza mshipi tundu moja. Ami aliniangalia. Mimi ndiye niliyekuwa nimemwahidi.

Usiku ule niliamua kujifunza jambo hili tangu mwanzo wake, maana nilikuwa nimelitumia miaka yote bila kulijua. Nalieleza hapa kama nilivyomweleza Ami.

Mtu anayenakili wimbo wa arusi kwenye daftari huandika kiitikio mara moja. Akimaliza ubeti wa pili huandika tu neno "kiitikio", naye msomaji hurudi juu akakichukua. Hivyo ndivyo Jacob Ziv na Abraham Lempel walivyoonyesha mwaka 1977: programu ikikutana na kipande ilichokwisha kukiona, haikiandiki tena, huandika "rudi nyuma herufi 300, chukua herufi 40". Kabla yao, mwaka 1952, David Huffman alikuwa ametoa njia ya kuzipa herufi zinazotumika sana alama fupi, na zisizotumika sana alama ndefu. Kwa Kiswahili nafikiri ya kwanza kufaidi ni "a". Hesabu tu "a" zilizomo katika "walipowaandalia" utaona. Njia hizo mbili zikishikana mikono ndizo zinazofanya kazi ndani ya zip tunayoijua leo.

Maandishi kwa hiyo hubanika vizuri sana, na tendi ndizo zinazobanika vizuri zaidi ya maandishi mengine yote niliyojaribu, kwa sababu kina cha mwisho hurudi ubeti baada ya ubeti na viambishi vyetu hujirudia kila neno. Lakini sauti ya kanda si maandishi. Bibi akisema "Bismillahi" mara mbili, kwa sikio ni neno lile lile, kwa kompyuta ni safu mbili za namba zisizofanana hata kidogo, kwa kuwa pumzi si ile na mvumo wa ukanda si ule. Programu hutafuta kiitikio na kiitikio hakuna. Picha za JPEG na nyimbo za MP3 nazo hazipungui ukizitia zip, kwa sababu nyingine: zimekwisha kubanwa zilipotengenezwa.

Ami alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Basi zip ni ya washairi." Nimelishika neno hilo.

Binamu yangu mmoja akaniambia nijaribu 7-Zip, na nichague kiwango cha juu kabisa. Ni programu ya bure, kazi ya Igor Pavlov wa Urusi, ya tangu mwaka 1999, na toleo lake la 9.20 la mwaka 2010 latembea kwenye XP bila taabu. Niliiweka, nikachagua kiwango cha mwisho, nikabonyeza. Kompyuta ikaganda. Mshale wa panya haukusogea, taa ya diski iliwaka bila kupepesa, na tulikaa hivyo tangu adhuhuri hadi stima ilipokatika yenyewe kabla ya magharibi. Siku ya pili nilisoma kile kidirisha kwa makini, na jibu lilikuwa limeandikwa pale pale chini: kwa kiwango kile, kubana kulihitaji kumbukumbu ya megabaiti 700 na zaidi. Sisi tuna 512. Zip ya kawaida hukumbuka nyuma kilobaiti 32 tu, lakini 7-Zip katika kiwango kile hukumbuka nyuma megabaiti 64, na hayo yote lazima yakae mahali. Mashine ilikuwa ikihamisha kumbukumbu yake kwenda diskini na kuirudisha, kama mtu anayevusha mchanga kwa kikombe.

Nilichokipenda ni mstari wa pili wa kidirisha kile. Kufungua kulihitaji megabaiti 66 tu. Anayefunga ndiye anayebeba uzito, anayefungua hubebeshwa kidogo. Nilirudisha kiwango kwenye cha kawaida, ambacho hutaka chini ya megabaiti 200, na Pentium 4 ikafanya kazi usiku kucha bila kunung'unika. Bado sauti hazikupungua sana, lakini sasa nilijua kosa si la mashine.

Dawa ya sauti ilikuwa mbili. Kwanza, redio ya Bibi ilikuwa na kipaza sauti kimoja, kwa hiyo sikio la kushoto na la kulia yalikuwa yakibeba kitu kile kile, pamoja na uchafu tofauti wa waya. Tulizifanya faili ziwe za sikio moja, nusu ya uzito ikaondoka hapo hapo. Pili, FLAC, umbo la kubana sauti lililotolewa na Josh Coalson mwaka 2001. Hii haitafuti kiitikio. Hukisia namba itakayofuata kutokana na zilizotangulia, kisha huandika tu tofauti kati ya ilichokisia na kilichotokea. Sauti hupanda na kushuka polepole kama maji, kwa hiyo makisio huwa karibu na tofauti huwa ndogo. Faili zetu zilipungua kwa karibu nusu nyingine, na ukizifungua unarudishiwa kila namba ilivyokuwa.

Ami alitaka MP3, kwa kuwa ni ndogo zaidi na simu zote huzipiga. Nilimkatalia, na si kawaida yangu kumkatalia. MP3 hutupa kile inachoamini kwamba sikio halitakikosa, na kilichotupwa hakirudi. Kwa kusikiliza njiani, sawa, tulitengeneza nakala za MP3 kwa ajili ya simu. Kwa kuweka, hapana. Mjukuu wa mjukuu wa Bibi huenda akataka kusikia adhana iliyo mbali kabisa nyuma ya sauti yake, ile isiyosikika mpaka uzibe sikio moja.

Baada ya hapo lilibaki suala la kufungasha, na hapo ndipo nilipoona kwamba kubana na kufungasha ni kazi mbili ambazo zip imetuzoesha kuziita moja. Watu wa Unix, mfumo wa kompyuta wa zamani kuliko Windows, walizitenganisha tangu zamani: tar hukusanya faili zikawa mzigo mmoja bila kupunguza chochote, na programu nyingine ndiyo hubana. Sisi tulihitaji mzigo tu. Kanda 11 za tendi, maelezo ya kila kanda kwenye faili ya maandishi, picha ya kila jalada, vyote pamoja, visipotezane.

Mzigo ulikuwa wa Shangazi aliye Faza, kisiwani Pate, ambaye ndiye anayejua tendi zile kwa moyo na ndiye angeweza kutuambia ubeti upi umeruka. Ana kompyuta ya mezani ndogo kuliko yetu. Mtandao wake ni wa simu, wa kununua kidogo kidogo. Kwa hiyo flashi, mkononi mwa mtu, kwa boti.

Tulimtumia mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa kabla ya kuijua FLAC, tukiwa na sauti nzito zaidi ya gigabaiti 6. Nilijaribu kunakili mzigo mzima kwenye flashi ya gigabaiti 8, Windows ikasema nafasi haitoshi, nami naiona nafasi ipo. Flashi ilikuwa imepangwa kwa FAT32, namna ya zamani ya kupanga faili, na FAT32 haipokei faili moja inayofika gigabaiti 4, hata flashi ingekuwa tupu. Binamu akatusaidia kwa laptopu yake mpya: akaukata mzigo vipande sita vya RAR, umbo jingine la kufungasha kama zip, kila kimoja kama gigabaiti moja. Boti ikaenda. Jioni Shangazi akapiga simu.

"Mwanangu, sanduku lenu halifunguki. Lasema limeharibika."

Tulilaumu flashi. Tulilaumu maji ya bahari, tukamlaumu na kijana wa watu aliyeibeba. Hapakuwa na kilichoharibika. WinRAR, programu ya kutengeneza RAR, katika toleo lake la 5 la mwaka 2013 ilileta umbo jipya la RAR, na laptopu ya binamu ilifunga kwa umbo hilo. WinRAR ya Shangazi ilikuwa ya toleo la 3. Haikulijua umbo lile, ikasema kile programu husema zikikutana na zisichokijua. Hata 7-Zip yetu ya 9.20 isingelifungua. Nilirudi kwa kijana yule nikamwomba radhi ana kwa ana.

Mara ya pili nilisema nitatumia zip, kwa kuwa zip hufunguka kila mahali. Phil Katz aliitoa mwaka 1989 kule Milwaukee, Marekani, na akauachia umma namna inavyoandikwa, ndiyo sababu kila mtu aliweza kuitengenezea programu. Fungua faili yoyote ya zip kwa Notepad, utaona inaanza na herufi P na K. Ni za jina lake. Alifariki mwaka 2000 akiwa na miaka 37, na herufi zake mbili zimo hata ndani ya faili za Word za siku hizi, maana nazo ni zip kwa ndani. Kila nikiziona humkumbuka mtu huyu nisiyemjua.

Lakini Ami huandika majina ya faili zake kwa khati za Kiarabu, kama alivyofundishwa kuandika Kiswahili. Zip iliyomo ndani ya XP ilikataa kabisa kuyapokea majina yale. Programu nyingine ya zamani tuliyokuwa nayo iliyapokea, na Shangazi alipofungua akakuta faili 11 za vistari na alama zisizosomeka. Sauti nzima, majina yamekufa. Zip ilizaliwa wakati kila mashine ina jedwali lake la herufi, na alama rasmi ya kuiambia programu kwamba jina hili limeandikwa kwa UTF-8, jedwali moja la herufi za lugha zote, iliongezwa mwaka 2006 tu. Ami aliponiambia basi tuandike majina kwa herufi za Kizungu, niliona uchungu. Mzee huyu ameandika "utendi" kwa nun na dal miaka 60. Programu ndiyo ya kubadilishwa.

Ya kanda za vugo nitaieleza upesi, maana si yangu yote kuieleza. Vugo la ndani ni la wanawake, na wenye sauti wengine wako hai. Kanda hizo Ami hakuzigusa. Nilizihamisha mimi, na vipokea sauti masikioni, mama akiwa kando. Tulikubaliana zifungwe kwa neno la siri. Kufuli ya zamani ya zip haifai kwa hili: Eli Biham na Paul Kocher walionyesha tangu mwaka 1994 jinsi inavyovunjwa. Tulitumia 7z, umbo la 7-Zip lenyewe, ambayo hufunga kwa kufuli imara iitwayo AES ya biti 256 na huweza kuficha hata majina ya faili, kwa sababu jina la bibi-arusi nalo ni siri yake. Neno lenyewe limeandikwa kwa wino kwenye daftari, daftari limo kashani, na ufunguo wa kasha anao mama. Nilisikia wengi wakisema neno la siri lisiandikwe popote. Hao hawajafikiria mauti.

Mara ya tatu nilikaa na karatasi kwanza. Nilijiuliza Shangazi ana nini, sikujiuliza mimi nina nini. Nilichagua umbo la zip, lakini lililotengenezwa na 7-Zip, ambayo majina ya Ami iliyaandika kwa UTF-8. Nikachagua isibane chochote, ikusanye tu, kwa kuwa FLAC zilikwisha kubanwa na sikuona faida ya kuitesa mashine. Kila kanda nikaifanyia zip yake. Hapo kuna sababu: RAR na 7z huweza kuziunganisha faili zote ziwe mkondo mmoja ili zipungue zaidi, ila mkondo ukichafuka katikati, vyote vinavyofuata vinaweza kuzama navyo. Kwenye zip kila faili husimama peke yake, na nikazigawa hata hivyo. Jumla haikufika gigabaiti 2. Kando ya zip nikaweka 7-Zip 9.20 na VLC, programu ya kupiga sauti, ambazo zote mbili hukaa kwenye XP, zikiwa hazijafungwa ndani ya kitu chochote. Nimewahi kupokea ufunguo uliofungiwa ndani ya sanduku lake, nikajua kutomfanyia mwenzangu hivyo.

Kisha nikazijaribu. Humu mna jambo ambalo ningependa kila mwenye mashine kuukuu alijue. Programu inapofunga, hukokotoa kutoka kila faili namba moja iitwayo CRC, na kuiandika pamoja nayo. Ukibonyeza kitufe cha kujaribu, hufungua kila kitu kimyakimya, hukokotoa upya na kulinganisha, kama karani wa gati anayehesabu magunia yakishuka wakati nahodha ana hesabu ya yaliyopanda. Haitengenezi kilichoharibika, inakuambia tu. Nilijaribu zip zikiwa diskini, nikazijaribu tena zikiwa flashini, nikaitoa flashi, nikairudisha, nikazijaribu mara ya tatu. Kwa RAR mtu huweza kuongeza kumbukumbu ya kurekebisha, ambayo huziba majeraha madogo, na hiyo ni sifa yake kubwa. Zip haina. Kwa hiyo nilitengeneza flashi mbili, moja ikaenda na boti ya asubuhi, moja ikabaki kwa siku ya pili.

Orodha ya vilivyomo ndani ya zip, kwa anayeuliza, huandikwa mwishoni mwa faili, si mwanzoni. Ndiyo sababu zamani kule saiba, faili ikikatika imebakisha kidogo kabisa, haikufunguka hata kidogo. Magunia yote yameshuka lakini hesabu imebaki chomboni. Miaka ile niliifuta kila faili ya namna hiyo. Zingine zingeweza kuokolewa, zipo programu zinazopita faili tangu mwanzo na kuijenga orodha upya. Zilikuwamo picha za arusi ya dada yangu, zilizotumwa kutoka Muscat, na aliyezituma hakubaki na nakala.

Flashi ilifika Faza saa tano. Shangazi hakupiga simu mpaka baada ya alasiri, na Ami tangu adhuhuri alikuwa ameketi mbele ya kompyuta iliyozimwa, daftari la kanda magotini.

"Zimefunguka," Shangazi akasema.

"Majina je?" Ami akauliza. Sauti ya simu ilikuwa imewekwa juu, tukisikia sote.

"Majina yapo. Nikusomee?"

Akaanza kusoma, la kwanza, la pili, kwa mwendo wa mtu asomaye chuoni, akingoja baada ya kila jina. Ami akawa anaweka alama kwa kalamu ya risasi, jina kwa jina, mpaka la kumi na moja.

"Hili la saba," Shangazi akasema, "ubeti wa mwisho haumo. Kanda ilikwisha yeye angali asoma. Kaa na kalamu, nitakwambia mimi."

Ami akafungua ukurasa mpya.